Waya za Plagi: Hesabu Njia Nzima

Mazungumzo mbele ya wamiliki na mafundi wa magari ya zamani, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Na ninyi vijana mlioegemea bampa kule nyuma, sogeeni karibu, maana spika hii inakoroma na mimi sina kifua cha kupiga kelele.

Mwenyekiti amenipa nafasi nizungumzie waya za plagi. Najua wapo waliokuja wakitegemea kusikia habari za kabureta. Hiyo itakuwa siku yake. Ila niseme mapema kwamba magari mengi yanayoletwa gereji mwenyewe akilalamika "kabureta imechoka" hayana shida ya mafuta hata kidogo. Kabureta inafunguliwa, inaoshwa, inafungwa, inafunguliwa tena, na gari linaendelea kumisi vilevile, yaani silinda nyingine zinaruka zamu ya kuwaka. Ukija kuangalia umeme, unakuta waya iliyokauka tangu enzi za Mwalimu.

Nitazungumza zaidi kuhusu Land Rover za petroli: Series II, IIA na III, zile za injini ya lita mbili na robo, kwa sababu ndizo zimejaa uwanjani hapa. Wenye Volkswagen za mgongo na Peugeot nitawafikia. Mwenye dizeli apumzike tu, hana plagi za cheche, leo hana kesi.

Tuanze na kazi yenyewe ya waya, maana hapo ndipo wauzaji wanapotuuzia maneno. Waya ya plagi haiongezi nguvu ya injini. Haiwezi. Kazi yake ni kuchukua umeme wa koili na kuufikisha kwenye plagi bila kuuvujisha njiani. Koili ya kizamani inayotumia pointi, zile ncha ndogo zinazokata na kuunganisha umeme wake, inaweza kupandisha volti 12 za betri mpaka kama volti 20,000 ikibanwa kabisa. Lakini haifiki huko kila mara. Volti zinapanda mpaka pale cheche inaporuka, basi, zinaishia hapo. Injini ikiwa inaunguruma tu bila mzigo, plagi yenye mwanya wa kawaida inaweza kuridhika na volti 6,000 au 8,000. Ukikanyaga mafuta ukiwa mlimani, hewa na petroli ndani ya silinda vinabanwa zaidi, na cheche inadai volti nyingi zaidi ili iruke.

Ndiyo maana gari linatulia vizuri mbele ya gereji, fundi anapokea hela yake, halafu ukipanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu linaanza kukohoa. Hakuna kilichoharibika barabarani. Mahitaji yamepanda, na umeme umepata mahali rahisi pa kutokea kuliko kwenye plagi. Umeme wa koili ni kama maji juu ya paa la bati: njia kubwa ikiwa nzito, yanatafuta tundu la msumari. Tundu lenyewe linaweza kuwa ufa kwenye ganda la waya, mstari mweusi ndani ya kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa kila plagi, au mpira wa plagi uliopasuka.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wetu wa siku zote: shaba au kaboni?

Wazee wanasema shaba. Hoja yao ni kwamba shaba haina ukinzani, yaani haizuii umeme, kwa hiyo umeme wote unafika, na kwamba waya ya kaboni ina omu maelfu (omu ndiyo kipimo cha ukinzani), kwa hiyo lazima inaua cheche. Hoja inaingia akilini, lakini tuipigie hesabu. Chukua waya yenye omu 10,000. Mkondo unaopita kwenye cheche ni mdogo sana, ni makumi ya miliampia tu. Tuseme 40. Zidisha 0.04 kwa 10,000, unapata volti 400. Na hizo zinaliwa cheche ikiwa tayari imeruka. Kabla haijaruka hakuna mkondo wa kutajika unaopita, kwa hiyo ukinzani unakuwa haujala kitu na volti zote zinasimama pale kwenye ncha ya plagi. Ukinzani wa kiasi unachofanya ni kufupisha kidogo muda wa cheche kuendelea kuwaka. Injini yenye mchanganyiko mzuri wa mafuta haitagundua.

Naona mzee wangu wa kofia ya pama anatikisa kichwa. Subiri mzee, nitakupa haki yako baada ya muda mfupi.

Kwa nini basi watu waliweka ukinzani kwa makusudi? Kwa sababu ya redio na televisheni. Kila cheche inaporuka, mkondo unapanda na kushuka kwa kasi ya ajabu, na waya ya shaba inageuka kuwa eriali inayorusha kelele mtaa mzima. Uingereza walitunga kanuni mwaka 1952 kudhibiti kelele za mifumo ya kuwasha injini, kwa sababu kila gari lililopita lilikuwa likichafua picha za watu sebuleni. Huku kwetu bara televisheni imekuja miaka ya 1990, kwa hiyo Land Rover yenye waya za shaba haikumkera mtu isipokuwa yule aliyekuwa anasikiliza redio humohumo ndani. Jeshi la Uingereza ndilo lililokwenda mbali zaidi. Land Rover zao za kubebea mitambo ya redio zilikuwa za volti 24, distribyuta imefungiwa ndani ya kasha la chuma na waya zimevikwa wavu wa chuma. Kama kuna mtu hapa aliipata moja ya hizo, tuonane pembeni, maana ninayosema leo kuhusu kukata na kubana waya hayamhusu kabisa.

Sababu ya leo ya kutaka ukinzani ni nyingine, na ina uzito kuliko redio. Wengi wenu mmeshatoa pointi na kondensa mkaweka kile kimoduli cha kielektroniki ndani ya distribyuta. Sina ugomvi nacho. Lakini kelele ileile iliyokuwa inakoromesha redio inakichanganya kimoduli, na mara nyingine inakiua. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye karatasi ya maelekezo kwamba kisitumiwe na waya za shaba tupu. Karatasi ile huwa inatupwa pamoja na boksi. Halafu baada ya muda mtu anakuja: "Fundi, hivi vitu vya kisasa havifai." Ukiangalia waya zake, ni shaba tangu koili mpaka plagi, na plagi nazo hazina rezista, kile kipande cha kuongeza ukinzani.

Kwa hiyo waya ziko za namna tatu. Ya shaba, ambayo ndani ni nyuzi za shaba na omu zake ni kama hakuna. Ya kaboni, ambayo ndani ni uzi wa fiberglasi au wa aina hiyo uliolowekwa kaboni, na kwa kawaida ina omu 3,000 hadi 7,000 kwa kila futi. Na ya tatu ni ya waya nyembamba iliyoviringishwa kuzunguka kiini. Hii inazuia kelele vizuri huku omu zake zikiwa chini sana ya kaboni. Ya tatu ndiyo ghali.

Sasa mzee wangu, haki yako. Shaba ina ubora mmoja ambao sijauona ukitajwa kwenye matangazo: ndiyo waya ambayo kifuniko chako cha distribyuta kilitengenezwa kuipokea.

Chukueni hiki kifuniko mkizungushe mkono kwa mkono. Ni cha distribyuta ya Lucas, zile ambazo waya zinaingia kwa ubavuni. Angalieni ndani, si nje. Kwenye kila nguzo ya shaba mtaona kichwa cha skrubu ndogo. Skrubu hiyo ina ncha kali. Waya unaisukuma kutoka nje mpaka igote, bila kumenya ganda, kisha unafunga skrubu kutoka ndani. Ncha inatoboa ganda na kuzama katikati ya nyuzi za shaba. Ndiyo inayoshika, na ndiyo inayopitisha umeme. Na waya inayotoka koili je, skrubu yake iko wapi? Wengi hawaijui. Vuta taratibu kile kijiti cha kaboni cha katikati pamoja na springi yake, chungulia kwenye tundu, skrubu imejificha humo chini. Nimeona watu wakiivuta waya ile kwa plaizi mpaka kifuniko kinapasuka, kumbe bisibisi ndogo ingemaliza kazi.

Sasa fikiria umeweka waya ya kaboni kwenye kifuniko hicho. Ncha ya skrubu inaingia kwenye uzi mlaini wa fiberglasi. Inausukuma pembeni, au inaukata. Siku ya kwanza gari linawaka vizuri, kwa sababu umeme unaruka kamwanya kadogo bila shida. Lakini kila unaporuka unaunguza kaboni, na mwanya unakua. Iliwahi kuja gereji IIA moja ya kijani, ya mzee mmoja mkulima, imefungwa waya mpya za kaboni nyekundu, nzuri machoni, na inamisi silinda ya tatu. Plagi mpya, pointi mpya. Nilipolegeza skrubu na kuitoa ile waya, mwisho wake ulikuwa na tundu jeusi lenye ukingo mweupe, na ukikung'uta unatoka unga. Uzi wa kaboni ulikuwa umeishia ndani zaidi, mbali na skrubu. Mita ilikataa kusoma chochote. Tuliweka shaba ya milimita 7 na ikaondoka ikiwa imetulia.

Koili za zamani nazo zina tabia hiyohiyo. Kuna zile ambazo waya inapitishwa kwenye nati ya bakelaiti, nyuzi za shaba zinatandazwa juu ya washa ndogo, kisha unaifunga nati. Utatandaza nini kama ndani kuna uzi wa kaboni?

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "waya ipi bora". Jiulize kwanza gari lako lina kifuniko gani na koili gani. Kama waya zinaingia ubavuni na kushikwa kwa skrubu, jibu limeshatoka: shaba. Ukitaka kaboni au ile ya kuviringishwa, badilisha kifuniko uweke cha kuchomeka kwa juu, na hakikisha kinaingiliana na distribyuta yako; cha Lucas 25D hakikai kwenye distribyuta ya Lucas 45D.

Ukishaamua aina ya waya, sasa hesabu omu za njia nzima, kuanzia koili mpaka ncha ya plagi. Hapa ndipo hata mafundi wazuri wanateleza, kwa sababu kila kipande kinanunuliwa siku yake na duka lake. Rota, ile inayozunguka ndani ya distribyuta, inaweza kuwa na rezista ndani. Za Bosch mara nyingi zinayo. Kikofia cha plagi kinaweza kuwa na omu 5,000. Plagi yenyewe, ikiwa na herufi R kwenye namba yake, ina kama 5,000 nyingine. NGK, kwa mfano, BP6ES haina rezista na BPR6ES inayo. Tofauti ni herufi moja tu, na muuzaji atakwambia ni ileile. Jumlisha sasa: waya ya koili ya kaboni futi moja, waya ya plagi futi mbili, tuseme omu 5,000 kwa futi, hiyo 15,000. Kikofia 5,000. Plagi 5,000. Rota 5,000. Tumefika 30,000. Rudia hesabu yetu ya miliampia 40 na unapata volti 1,200. Cheche ikishawaka hudumu kwa volti mia kadhaa hadi elfu moja na kitu, kwa hiyo hapo ukinzani unashindana na cheche yenyewe. Mzee, hapo ulikuwa sahihi. Gari litawaka, lakini asubuhi ya baridi kule Monduli, betri ikiwa imechoka kidogo, litakusumbua.

Mimi kwa Land Rover yenye pointi naweka shaba ya milimita 7, halafu naweka ukinzani mahali pamoja tu: ama plagi ya R, ama kikofia chenye rezista. Si vyote viwili. Kwa yenye kimoduli, kaboni au ya kuviringishwa, na kifuniko kinachoikubali. Wako wanaofanya tofauti na magari yao yanatembea, sitagombana nao.

Kwa kuwa nimegusa plagi, neno moja tu. Ile namba ya joto, NGK inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa ya baridi zaidi, yaani inaondoa joto haraka zaidi. Champion na Bosch ni kinyume chake. Usikubali "hii ni namba kubwa, ni nzuri zaidi".

Unene. Siku hizi kuna waya za milimita 8 na 8.5, nyekundu, bluu, njano, zinang'aa. Unene unaoongezeka ni ganda, si njia ya umeme. Kwa injini yenye koili kali ya kielektroniki, sawa, ganda nene lina maana. Kwa koili ya pointi unanunua rangi. Na ubaya wake, mashimo ya kifuniko cha Lucas ni ya milimita 7. Waya ya 8 haiingii, basi mtu anachukua kisu anachonga ganda mpaka iingie. Amelipia ganda nene halafu amelikata mahali ambapo umeme ni mkali kuliko pote.

Ganda lenyewe: silikoni inavumilia joto vizuri kuliko PVC, na hiyo inafaa kama waya inapita karibu na manifodi ya ekzosi. Lakini silikoni ni laini, ikikwaruzwa na ukingo wa bati inachanika kirahisi. Chagua kulingana na inapopita.

Kununua sasa. Kariakoo utapata seti zilizokatwa tayari na utapata waya ya kukata kwa mita. Nenda na mita yako ya umeme mfukoni, iweke kwenye kipimo cha omu 20,000, pima kila waya palepale kaunta. Muuzaji akikasirika, hamia duka la pili, hayako mbali. Kama ni kaboni, unatafuta mambo mawili: omu ziendane na urefu, yaani waya ndefu isome zaidi ya fupi, na usomaji usirukeruke unapoikunja na kuitikisa. Ikiwa ya futi moja inasoma kubwa kuliko ya futi mbili, kuna ncha haikubanwa vizuri. Kama wanauza kwa mita, omba uone mwisho uliokatwa. Kiini kiwe katikati. Nimeona waya nene ambayo kiini chake kimekaa upande mmoja, ganda upande huo ni jembamba kuliko ukucha.

Haya, tufunge.

Usitoe waya zote kwa pamoja. Toa moja, weka mpya, nenda ya pili. Shika mpira, uzungushe kidogo kwanza ili ubandukane na plagi, kisha vuta. Ukivuta kwa waya yenyewe, ya kaboni itakatika ndani na nje haitaonyesha kitu. Pima urefu kwa kufuata njia ambayo waya itapita, si kwa kuinyoosha hewani, na uache nafasi kidogo, kwa sababu injini inatikisika juu ya mounti zake na bodi haitikisiki nayo.

Kubana ncha ya waya ya shaba ni rahisi, menya, sokota, bana. Ya kaboni inahitaji utulivu. Menya kama sentimita moja na nusu bila kukwaruza uzi, ukunje uzi urudi nyuma juu ya ganda, kisha vika ncha ya chuma ili iubane uzi na ganda kwa pamoja. Tumia koleo lenye taya za kazi hiyo. Plaizi ya kawaida inaponda, inaonekana imeshika, ukivuta inatoka mkononi. Na vile vikofia vyenye skrubu ndani, vya kuzungusha mpaka vizame kwenye waya, ni vya shaba tu.

Angalia pia kichwa cha plagi. Plagi nyingi huja na kinati cha juu kinachofunguka. Kikofia chako kikitaka kinati, kikaze kwa plaizi, kisiachwe kikizunguka. Wenye Volkswagen za mgongo, vikofia vyenu vya asili vinashika nyuzi za plagi zenyewe, kwa hiyo kinati mnakitoa. Na ninyi watu wa Volkswagen mna jambo jingine ambalo halihusu umeme kabisa. Injini yenu inapozwa kwa hewa, na kikofia cha plagi kinapita kwenye tundu la lile bati linalozunguka silinda. Pale pana mpira mpana wa kuziba tundu. Seti nyingi za bei nafuu zinakuja bila mpira huo, au nao ni mdogo. Hewa ya feni inavuja pale badala ya kupita kwenye silinda, na injini inachemka bila mtu kujua kwa nini. Kabla hujatupa waya za zamani, vua ile mipira, ioshe, uitunze.

Mpangilio wa kuwaka. Land Rover hizi ni 1-3-4-2, namba moja ni ya mbele upande wa rejeta, na rota inazunguka kinyume cha saa. Volkswagen ni 1-4-3-2, rota inakwenda na saa. Peugeot 404 na 504 ni 1-3-4-2 pia, lakini Wafaransa wale wanahesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, nyuma. Fundi wa Land Rover akiigusa Peugeot bila kujua hilo, atahangaika.

Kama umekuta waya zimeshatolewa zote, usiamini picha ya kitabu kuhusu namba moja iko wapi kwenye kifuniko. Magari haya yamepita mikono mingi, na distribyuta inaweza kuwa imerudishwa ikiwa imegeuzwa. Fungua plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako azungushe injini kwa hendeli taratibu, swichi ikiwa imezimwa. Upepo ukikusukuma kidole, pistoni inapanda kwenye mbano. Endelea mpaka alama ya taimingi ikae mahali pake. Sasa tazama rota inaangalia wapi: tundu hilo la kifuniko ndilo namba moja, hata kitabu kiseme nini. Kidole hakikwepeki hapa, kwa sababu pistoni ya kwanza na ya nne zinafika juu pamoja, na ukifuata alama peke yake unaweza kukosea kwa nusu mzunguko. Gari halitawaka, litapigia moto kwenye kabureta, na utaondoka na nyusi pungufu.

Njia ya waya sasa. Ziachanishe. Kile kitendo cha kuzifunga zote pamoja kwa vifungo vya plastiki ili boneti ipendeze ni kibaya. Waya mbili zikilala sambamba zimegusana kwa urefu, umeme wa moja unaamsha umeme kwenye ya pili. Kwa silinda nne mara nyingi unasalimika. Kwa V8, zile za Range Rover na Land Rover V8, usalimike wapi? Mpangilio wake ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Tazama hapo: 5 inawaka, inayofuata ni 7, na silinda hizo mbili zimekaa jirani upande mmoja wa injini. Waya zake zikilala pamoja, 5 inapowaka inaweza kuiwasha 7 kabla ya wakati, wakati pistoni bado inapanda. Unasikia kama kugonga, watu wanalaumu petroli. Peleka waya hizo mbili mbalimbali, na kama lazima zikutane, zipishane kwa kuvuka, zisiende sambamba.

Kuna swali? Ndiyo, dada yangu wa gari jeupe.

Anauliza kama ni sahihi kuchomoa waya moja moja injini ikiwa inawaka, kutafuta silinda iliyolala. Tumelifanya hilo sisi sote, ndivyo tulivyofundishwa. Tatizo ni kwamba ukichomoa waya na kuiacha hewani, koili haina pa kwenda. Inapandisha volti zake mpaka mwisho, na zikikosa plagi zinatoboa rota, au kifuniko, au koili yenyewe kwa ndani. Kimoduli ndicho hufa mapema zaidi. Zipo rota zenye ribiti ndefu katikati ambazo zinatobolewa mpaka kwenye shafti, na ukizitazama hazina hata alama. Zima injini, chomoa waya, iunganishe na bodi kwa kipande cha waya chenye klipu, kisha washa usikilize. Silinda imelala vilevile, na koili ina njia. Na mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo asishike kazi hii kabisa, akae mbali na boneti lililofunguliwa.

Swali jingine? Land Rover iliyobadilishwa bodi kutoka chanya kwenda hasi, yaani ule upande wa betri unaofungwa kwenye bodi. Swali zuri hilo. Mpaka mwaka 1967 hivi zilikuwa chanya kwenye bodi. Watu wanageuza betri, wanageuza dainamo au wanaweka alteneta, koili wanaisahau. Geuza na zile waya mbili ndogo za koili, ile inayokwenda distribyuta iwe kwenye hasi. Usipofanya hivyo gari litawaka tu, ila cheche itakuwa inaruka kutoka upande wa baridi wa plagi kwenda upande wa moto, na hiyo inadai volti nyingi zaidi kwa kazi ileile. Waya zako mpya zitaonekana mbovu bure.

Kupima kuvuja: subirini giza. Fungua boneti, washa injini, usishike kitu, nyunyiza ukungu wa maji kwa ile chupa ya kupigia pasi. Waya nzima haionyeshi kitu. Mbovu utaiona ikimulika kabluu kembamba kuelekea kwenye chuma.

Mita iko hapa mezani, na nimebeba roli ya shaba ya milimita 7, koleo, na vikofia vichache vyenye rezista. Anayetaka kupimiwa afungue boneti, tutaanza na zilizopaki kivulini. Mzee wa kofia ya pama, ya kwako naomba iwe ya kwanza.